Swali Nililomficha Baba Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nimesimama nyuma ya pazia la kijani katika hospitali ya misheni kule Rulenge, na upande wa pili wa pazia baba mkwe wangu amekaa kitandani akisubiri niseme. Daktari alikuwa ameuliza swali kwa Kiswahili. Baba mkwe hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, na daktari hakujua Kihangaza hata salamu. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao wote wawili. Lakini nikikupeleka huko moja kwa moja hutanielewa, kwa hiyo kaa vizuri nikuanzie mbali kidogo. Na hiyo simu iweke chini. Nimeambiwa unakwenda nayo chooni unakaa nusu saa nzima, na hilo nalo tutalifikia.

Nilizaliwa Murusagamba, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba pande zote, hata mgeni humwoni mpaka apige hodi. Ninyi wa sasa mnaijua migomba kwa chakula tu. Kwetu ilikuwa chakula, na kivuli, na ukuta, na mlango wa choo. Mtu akibanwa alipotelea humo bila kuaga, na hakuna aliyejali amekwenda wapi wala amekaa muda gani. Bado nakumbuka harufu ya majani yale makavu baada ya mvua. Nikiikumbuka natamani kulia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Niliolewa Kibimba na Damiani, nimemaliza darasa la saba. Wakati huo watu walikuwa wameshahamishwa kutoka makazi yao ya zamani na kupangwa katika kijiji cha ujamaa, juu kwenye mwinuko, nyumba mstari wa kwanza, mstari wa pili, mstari wa tatu. Migomba ilibaki bondeni, na ile mipya ilikuwa haijanifikia hata kiunoni. Nisikudanganye, nilikipenda kijiji kile. Asubuhi iligongwa rimu ya gari iliyoning'inizwa karibu na ofisi, tukatoka na majembe kwenda shamba la kijiji, wanawake upande huu, wanaume upande ule, tukitupiana nyimbo za kuchokozana mpaka mtu anasahau kwamba analima. Jioni tulikusanyika kwa mwenyekiti kusikiliza redio. Tulikuwa maskini kweli, lakini tulikuwa wengi, na ujana ulikuwa bado haujatuaga.

Shida yangu ilikuwa moja tu, na nilionekana nayo kichekesho hata machoni pangu mwenyewe. Bwana afya alikuwa ameagiza kila nyumba iwe na choo cha shimo nyuma yake. Sisi tulikaa mstari wa kwanza. Baba mkwe alikaa mstari wa pili. Kwa hiyo mgongo wa nyumba yetu ulitazamana na baraza yake, na katikati, peupe kabisa, kilisimama choo chetu.

Sasa wewe utasema, kuna nini hapo? Kuna mengi. Kwa watu wetu mkaza mwana hatamki jina la baba mkwe wake, hali chakula mbele yake, hamkazii macho. Kuonekana naye unakwenda chooni ni sawa na kuvuliwa nguo. Zamani migomba ilitusitiri, mila ikawa nyepesi kuibeba. Migomba ilipoondoka, mila ilibaki, na mzigo wote ukaniangukia mimi. Mzee yule alikuwa na kigoda chake pale barazani, akisuka vikapu kutwa nzima.

Basi nikajizuia. Nilikwenda alfajiri kabla hajatoka, na tena giza likiingia, na katikati ya hapo nikabanwa nikakaza. Ili nisibanwe sana, nikaacha kunywa maji. Mboga nazo nikazipunguza, nikala ugali mkavu wa muhogo na dagaa, nikajiona nina akili kuliko wanawake wenzangu. Miezi haikuwa mingi, choo kikawa kigumu mno. Nikawa nakaa mle ndani muda mrefu nasukuma mpaka jasho linanitoka. Siku moja nikaona damu, nyekundu, mbichi, inadondoka yenyewe. Baadaye kikaanza kutoka kitu laini kama punje ya harage, nikimaliza kinarudi ndani. Nilikuwa na mwasho, nikikaa siwezi kutulia. Sikujua jina lake. Damiani sikumwambia. Kisha vita vikaja, mgambo wakaitwa, na lori likamchukua Damiani wangu pamoja na vijana wengine wa kijiji. Nilimpungia mkono nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa kwenyewe nilikuwa siwezi.

Alipokuwa ameondoka yapata miezi saba, mama mkwe aliikuta kanga yangu kwenye beseni. Sabuni ilikuwa haipatikani wakati ule wa vita, nilikuwa nimeiloweka kwa majivu. Aliitazama, akanitazama mimi. Sikuwa na mtoto bado, mume wangu yuko vitani, na nilikuwa nimekonda na kupauka. Hakuniuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kumtuma mtu Murusagamba amlete baba yangu mzazi aje kunichukua, kwa kuwa nimetoa mimba ya mtu mwingine.

Tulikaa barazani kwa baba mkwe, watu sita au saba. Baba yangu aliinamisha kichwa. Mama mkwe alieleza alichokiona, na kwa kweli alikieleza bila kuongeza chumvi, alikuwa ameumia. Wakaniuliza. Nikanyamaza. Ningesema nini, mwanangu? Neno la kuniokoa lilikuwa neno la sehemu ya haja kubwa, na baba mkwe alikuwa amekaa hatua tatu kutoka nilipokuwa. Nilijiambia heri nirudishwe kwetu kwa aibu ya uongo kuliko kubaki kwa aibu ya kweli. Nilikuwa na miaka ishirini, na ujinga wake wote.

Ndipo mzee akaweka chini kikapu alichokuwa akisuka.

"Mama Damiani," alisema, "nguo zangu mimi huwa unazifua vipi?"

Mama mkwe alijifunga kanga yake upya.

"Sema. Tangu mwaka gani unaloweka damu yangu kabla majirani hawajaamka?" Akageuka kuwatazama wengine. "Basi na mimi nimetoa mimba."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akaendelea kwa sauti ile ile ya taratibu: "Nakaa hapa tangu binti huyu aletwe. Sijamwona hata siku moja akienda chooni mchana. Nikajisifu kwa watu kwamba nimepata mkaza mwana mwenye adabu. Mjinga mimi. Mtu anakula, atakwenda wapi?" Kisha akageuza uso wake ukutani, ili anisitiri, akaniuliza, "Binti, damu inakuja ukienda haja?"

"Ndiyo, baba," niliiambia ardhi.

"Kuna kitu kinatoka na kurudi?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Kesho tunakwenda Rulenge, mimi na yeye. Na nyie mliokuja kuvunja nyumba ya mtu aliye vitani, nendeni mkanywe pombe ya rubisi mrudi kwenu."

Mpaka leo sijapata kuona ujasiri kama ule. Damiani alikuwa na bunduki huko aliko. Baba yake alikuwa na kikapu tu, na alijivua nguo mbele ya wakwe ili mimi nifunikwe.

Tulichukua baiskeli ya Damiani, lakini hakuna kati yetu aliyeweza kukalia tandiko, tukaisukuma njia nzima ikiwa imebeba ndizi mbivu na blanketi. Yeye mbele, mimi nyuma hatua kumi. Mahali fulani kwenye mlima alisimama akasema bila kugeuka, "Watu wakituuliza tutasema tairi ina pancha." Nilicheka mpaka nikapata maumivu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mbele yake.

Mimi nilipimwa kwanza. Sista alikuwepo, Mhangaza mwenzetu, akanilaza kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kifuani. Daktari alivaa glavu akapima kwa kidole, kisha kwa kifaa kidogo mfano wa bomba fupi chenye mwanga. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Nilikuwa nimeyaogopa yale kuliko mauti, na yalipokwisha nikajiuliza, ndiyo haya tu? Akanieleza kwamba ni bawasiri: mishipa ya damu ya njia ya haja imevimba kwa sababu ya kujizuia, kusukuma na kukaa muda mrefu chooni. Akasema nyingine huota kwa ndani, nayo hutoka damu bila maumivu, na nyingine huota kwa nje, na hiyo huuma. Huwapata sana wanawake wajawazito, na waliozoea kubeba mizigo mizito. Dawa yangu ilikuwa maji mengi, mboga, maharage, mapapai, na kwenda chooni pale pale ninapobanwa. Nikalie maji ya uvuguvugu kwenye beseni asubuhi na jioni. Akanipa dawa ya kupaka na vidonge vya kuongeza damu, akasema kama vinyama visiporudi ndani siku za mbele, kuna njia ya kuvifunga au kuvikata, lakini kwa mikono ya hospitali.

Ikafika zamu ya baba mkwe. Hapo Sista akaitwa wodi ya wazazi, mtoto anakuja. Daktari, kijana wa pwani mwenye Kiswahili cha kuteleza, akaniomba nisimame nyuma ya pazia nitafsiri.

"Muulize," alisema, "kama anahisi kubanwa mara kwa mara lakini akienda hamalizi, na kama choo chake kimekuwa chembamba kuliko zamani."

Ulimi wangu uligoma. Maneno niliyajua yote. Jana yake tu mzee huyu alikuwa ameyatamka yangu mbele ya baraza zima. Lakini kuyatamka ya kwake mimi, mke wa mwanawe, nilishindwa. Nikamwambia kwa Kihangaza, "Baba, daktari anauliza kama unaumwa sana."

"Kidogo," alijibu.

"Anasema hapana," nilimwambia daktari.

"Mwambie nataka nimpime kwa kidole, kama nilivyokupima wewe."

Sikumgeukia hata kidogo. "Mzee hataki," nilisema.

Daktari aliandika kwenye cheti. Kisha akasema arudi baada ya wiki mbili na mtoto wa kiume au jirani, kwa sababu damu ya mtu wa umri ule yeye hawezi kuiita bawasiri bila kupima. Akampa dawa ya kupaka kama yangu kwa muda huo. Mzee aliuliza daktari amesema nini. Nikamjibu kwamba tumemaliza. Alifurahi. Njiani alipiga mluzi.

Mwanangu, nilipona. Mama mkwe hakuniomba radhi kwa mdomo, ila kwa wiki nyingi alinichemshia maji mwenyewe, akayapima kwa kiwiko cha mkono kama ya mtoto mchanga. Mzee alihamisha kigoda chake akakiweka nyuma ya nyumba yake, na kwa mikono yake akapanda mstari wa migomba kuzunguka choo chetu. Damu ilikoma. Nilinenepa. Niliimba tena shambani. Na kila siku niliyokuwa naimba, yeye alikuwa anapungua.

Wiki mbili zikapita, nikanyamaza. Nilijiambia bado anapaka dawa. Mwezi ukapita, nikajiambia ni mavuno. Unajua jinsi mtu anavyojidanganya akiwa na kazi nyingi za kufanya. Mkanda wake ulipohitaji tundu jipya, nilijua. Ulipohitaji la pili, nilimwendea nyuma ya nyumba, nikapiga magoti, nikamweleza yote: swali lile, jibu langu, na kwamba daktari alitaka kumpima na mimi ndiye niliyekataa.

Alinitazama muda mrefu. Mimi, kwa mara ya kwanza, nilimtazama pia.

"Mimi nilidhani daktari ameniona sina neno," alisema. Halafu akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionikata: "Binti, nilijitia aibu mbele ya watu wote kwa ajili yako. Wewe ukashindwa kujitia aibu mbele ya mtu mmoja asiyetujua."

Tulirudi Rulenge, safari hii yeye amekaa juu ya baiskeli kwa blanketi, jirani akiisukuma, mimi nashikilia mgongo wake. Nilitafsiri kila neno. Sikuruka hata moja. Nilimuuliza kuhusu choo chembamba, akajibu ndiyo, tangu kabla ya vita. Daktari alimpima, akakuta uvimbe mgumu kwa ndani, ambao haukuwa bawasiri na haukuwahi kuwa bawasiri. Ilikuwa saratani. Alitakiwa kupelekwa hospitali kubwa, lakini malori yalikuwa bado ya vita, na mwili wake ulikuwa umekwisha choka. Daktari hakusema kwamba tungekuja mapema angepona. Alisema tu kwamba mapema kungekuwa na jambo la kujaribu. Maneno hayo nimelala nayo miaka zaidi ya arobaini.

Siku zake za mwisho nilimwogesha mimi. Mila ilikuwa imekwisha vunjika kati yetu, na hakuna aliyeiokota. Siku moja aliniambia, "Damiani akirudi, mweleze mwenyewe. Usimwachie mtu mwingine." Alifariki, tukamzika. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini vijana wetu walikuwa bado hawajarudi.

Damiani alifika mchana, na begi la jeshi begani, akamtafuta baba yake kwa macho kabla hajanisalimu. Watu wakaanza kumwambia kwamba mzee aliumwa tumbo, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Nikamshika mkono nikamkalisha. Nikamweleza kuanzia kanga kwenye beseni mpaka pazia la kijani. Nilitaja kila kitu kwa jina lake, sehemu ya haja kubwa, damu, choo chembamba, na uongo wangu wa maneno mawili. Nilipomaliza nilisubiri anifukuze. Ningekwenda, sikuwa na la kujitetea.

Alivua viatu vyake taratibu, kimoja kimoja. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Na wewe, ulipona?"

"Nilipona," nilimjibu, na hapo ndipo tulipolia wote wawili.

Sasa usia wangu ni huu, mwanangu, na sitausema kwa mafumbo kwa sababu mafumbo ndiyo yaliyonigharimu. Ukibanwa, nenda. Usimwonee aibu mkwe, mwalimu, wala bosi wako. Kunywa maji, kula mboga na matunda na maharage, na chooni usikae na simu. Maliza shughuli yako uondoke, kwa kuwa kukaa kule kunavuta damu chini na kuivimbisha mishipa. Usisukume kwa nguvu. Ukiona mwasho, au kinyama, au damu nyekundu kwenye choo, hiyo huenda ni bawasiri, na inatibika ikiwahiwa, mara nyingi bila kisu. Lakini hilo neno "huenda" lishike sana. Damu yangu na damu ya baba mkwe zilifanana kabisa, na zilikuwa maradhi mawili. Hakuna jicho la nyumbani linaloweza kuzitofautisha. Akikujia mtu mnadani na unga wa kuunguza kinyama, au wembe wa kukikata, mkimbie. Nenda ukapimwe, hata kama wewe ni kijana, na mzee wako ndiye umharakishe zaidi, hasa akianza kukonda au choo chake kikibadilika. Na siku utakapokuwa mdomo wa mtu mbele ya daktari, sema lote lililoulizwa na lote lililojibiwa. Maneno hayo si yako kuyapunguza.

Sogea nikushike kichwa. Mungu akupe mwili mwepesi na usingizi mtulivu. Akupe wakwe wema, na wewe uwe mwema kwao zaidi ya nilivyokuwa mimi. Siku utakayougua, akupe mtu wa kukusikiliza bila kucheka, na yeye akiugua, akupe wewe ulimi wa kumsemea. Haya, inuka sasa, kanywe maji.